Moja Iliyobaki

"Neno hilo halichezewi," alisema Bi Mwanapili. Alikuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchele, na kila chuya aliyoitupa aliitupa kwa hasira. "Mambo matatu mzaha wake ni kweli: kuoa, kuacha na kurejea. Nenda kamwambie huyo mwalimu wa mchezo atafute mtu mwengine wa kulisema jukwaani."

Mwanawe Khatib hakuinua macho. Alikuwa akimalizia kwa mkono pindo la pazia refu la marekani, ambalo uzito wake ulikuwa umeishinda cherehani yake ya barazani, kwenye duka la Hakimuddin.

"Huyo mwengine ndiye miye, Mama. Yule wa kwanza wakweze wamemkataza."

"Wakweze wana akili."

Mwatum, mke wa Khatib, alisimama kwenye mlango wa jikoni na upawa mkononi. Katika nyumba hiyo ya Chake Chake talaka mbili zilikuwa zimekwisha kutoka. Ya kwanza ilitoka kwa ajili ya kisima, kwa kuwa Mwatum alichota maji kwenye kisima cha watu wasiotakiwa. Ya pili ilitoka mwaka uliopita, mwaka wa kura mbili, uchaguzi uliporudiwa, kwa ajili ya kura. Mara zote mbili Khatib alimrejea kabla ya eda kwisha, mbele ya mashahidi, kwa sauti ya mtu anayerudi kuchukua mwavuli aliousahau. Sasa ilibaki moja. Baada ya hiyo hakuna kurejea. Mwatum aliichunga hiyo moja kama mtu anayebeba yai kiganjani sokoni, huku watu wakimpiga vikumbo.

Vyama havikuwa na majina humo ndani. Kulikuwa na "wetu" na "wao," basi. Khatib alikuwa wa wetu. Mzee Nyange wa Vitongoji, babaake Mwatum, alikuwa wa wao. Bi Mwanapili alisema yeye ni wa Mungu na wa mchele, lakini hata hivyo harusi mbili za majirani zilimpita mwaka huo bila mwaliko.

"Huyo mke wa mchezoni anaitwa nani?" Mwatum aliuliza mwishowe.

"Zumaridi."

"Zumaridi binti nani?"

"Zumaridi tu. Shehe Mgeni alimwambia Mwalimu Duni atafute jina lisilo na mwenyewe, ili neno lisimpate mke wa mtu. Wameuliza Chake nzima, wameuliza Wete na Mkoani. Hakuna mwanamke aitwaye Zumaridi."

"Vitongoji yuko," alisema Mwatum. "Ng'ombe wa ami yangu."

"Huyo tumemsikia. Lakini hana mume."

Mwatum aliziba mdomo kwa upawa akacheka. Bi Mwanapili naye alicheka, kisha akakasirika kwamba amecheka.

Baadaye, mkewe alipokuwa akimmwagia maji ya kunawa, Khatib alisema polepole, "Jumamosi uje. Na usiondoke kabla ya mwisho."

"Huo mwisho una nini?"

"Weye njoo tu. Ungoje mwisho."

Hakuweza kueleza zaidi. Mchezo wa Mwalimu Duni uliitwa "Ua wa Makuti." Ulikuwa juu ya mume na mke wanaogawana nyumba kwa ua kwa sababu ya siasa, hata mume anamwacha mke. Mwishoni mume anabaki upande wake peke yake, anaung'oa ua kwa mikono, anapiga magoti na kuomba radhi. Khatib hakuwahi kuomba radhi, si kwa talaka ya kwanza wala ya pili. Alipojaribu nyumbani, aliishia kuomba maji. Lakini maneno yaliyoandikwa na mtu mwengine, akiyasema mbele ya watu, na Mwatum amekaa anasikia, hayo aliona angeyaweza.

&nbsp;

Mchezo uliwekwa baada ya sala ya alasiri katika ukumbi wa skuli. Pazia la Khatib lilitandwa kutoka mlangoni hadi karibu na jukwaa, wanaume kulia, wanawake kushoto. Hilo lilipangwa. Halikupangwa lile la wanaume kugawika tena wenyewe, wetu madirishani na wao ukutani, na katikati yao mabenchi matupu. Juu ya mabenchi hayo aliketi Hakimuddin pekee, mwenye duka, akijipepea kwa kofia yake. Yeye aliziuzia pande zote.

Upande wa wanawake ulikuwa vilevile. Mwatum na mama mkwe wake walipoingia, walitafuta pa kukaa. Mwanamke mmoja wa wetu alilivuta buibui lake, akalipangia nafasi nzima ya mtu. Upande wa pili, binamu yake Mwatum mwenyewe, waliyecheza naye mchezo wa kombwe utotoni, alisema, "Hapa pana mwenyewe," na hapakuwa na mtu. Wakakaa katikati.

"Nimekuja kuishuhudia balaa kwa macho yangu," alisema Bi Mwanapili, akajifunika vizuri.

Lakini mwanzo haukuwa balaa. Mke aliigizwa na Kificho, karani mwembamba wa posta, ndani ya buibui la dada yake, na alipopita jukwaani akitingisha mabega ukumbi mzima ulicheka. Mzee Nyange, aliyetoka Vitongoji kwa baskeli, alicheka hata akapangusa macho kwa ncha ya kanzu. Kwa muda mfupi ilikuwa vigumu kujua nani wetu na nani wao, kwa sababu watu wanapocheka hufanana. Mwatum alimtazama mumewe, aliyepakwa masizi ya ndevu, akaona kwamba anaweza. Sauti yake ilikuwa na uzito ambao nyumbani hakuusikia siku nyingi.

Wakafika mahali pa ugomvi. Mume amwulize mke amempigia kura nani, mke akatae kusema, mume amwache. Kificho aliuona ukumbi ulivyochangamka, akataka kuuchangamsha zaidi. Akaacha maneno ya Mwalimu Duni, akatia yale aliyoyasikia posta, kwenye foleni, mwaka uliopita.

"Kura yangu ni kama nywele zangu, mume wangu," alisema kwa sauti nyembamba. "Imo ndani ya buibui."

Wanaume walicheka. Upande wa wanawake kicheko kilikatika, vichwa vikageuka vyote kumwelekea Mwatum.

Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema mara moja tu, chumbani, na waliokuwapo ni mume, mke na ukuta wa udongo usiozuia sauti.

Jukwaani Khatib alitakiwa aseme, "Zumaridi, nimekuacha." Alikuwa amelirudia neno hilo wiki nzima akitia uzi sindanoni. Lakini aliposikia habari ya nywele na buibui, Kificho alimpotea. Ukumbi ulimpotea. Alikuwa chumbani kwake, mwaka wa kura mbili, taa inafuka moshi, na mkewe amesimama mbele yake ameinua kidevu.

"Mwatum," alisema, "nimekuacha."

Hakupiga kelele. Alilisema kwa sauti ya ndani ya nyumba.

Mwatum alikwisha kusimama. Jina lilipotajwa alisimama, kama anavyosimama mtu aliyeitwa.

"Zumaridi," Kificho alimnong'oneza Khatib kwa hofu, akivuta buibui puani. "Miye Zumaridi, bwana."

Kisha mtu akaguta kutoka upande wa wanaume, "Tatu hiyo!" Ni nani, haikujulikana. Baadaye wetu walisema ni wa wao, na wao walisema ni wa wetu. Mabenchi yakaanguka. Mwalimu Duni alitoka mbio nyuma ya jukwaa, karatasi zake zimekunjana mkononi.

"Mabwana, ni mchezo! Bado mwisho! Mabibi, kaeni, mwisho bado!"

Hakuna aliyekaa kuungoja.

&nbsp;

Khatib alipofika nyumbani alimkuta mamaake amesimama kizingitini.

"Usiingie."

"Mama, nyumba yangu."

"Nyumba yako, ndiyo. Aliyemo ndani hatujui ni wa nani. Mpaka Shehe aseme."

Alisimama barazani na ndevu zake za masizi. Waliopita njiani walipunguza mwendo. Mmoja alimwamkia kwa adabu kupita kiasi, akasikika akicheka mbele.

"Basi nipe hata maji ninawe uso."

Ndani, Mwatum alisikia. Aliteka maji mtungini kwa kata, akampa Bi Mwanapili, na Bi Mwanapili akampa mwanawe. Kata ikarudi kwa njia ile ile. Masizi hayakutoka yote. Usiku huo Khatib alilala dukani, kando ya cherehani.

"Alisema na miye, Mama?" Mwatum aliuliza.

Bi Mwanapili alikaa kitandani, akavua kilemba cha kanga kichwani. Alionekana mkongwe kuliko asubuhi.

"Mwanangu, nimemzaa, lakini ulimi wake sikuuzaa miye. Kula kidogo."

"Sina njaa."

"Hata miye. Tule hivyo hivyo."

&nbsp;

Kesho yake baraza ya Hakimuddin ilijaa. Watu ambao hawakumpa Khatib salamu tangu mwaka wa kura mbili walimpa mkono. Wetu walikuja kwanza.

"Yakhe, umefanya la kiume," alisema mmoja, akampiga begani. "Mtu hawezi kulala mto mmoja na kura ya adui."

"Ulikuwa mchezo," alisema Khatib.

"Mchezo, naam!" Akakonyeza jicho. "Tumekuelewa."

Adhuhuri wakaja wao, wawili, kwa upole wa watu waliokuja msibani.

"Mzee Nyange anakusalimu. Anasema hana kinyongo na weye. Yaliyopita yamepita. Kesho atakuja kumchukua bintiye, sanduku tutalibeba sisi wenyewe, usijisumbue."

Kwa mara ya kwanza tangu siasa iingie Pemba pande mbili zilikubaliana juu ya jambo. Zilikubaliana kwamba Khatib na Mwatum hawafai kuwa pamoja.

Walipoondoka, Hakimuddin alitoka ndani akasimama karibu na cherehani.

"Khatib bhai, leo watu wengi barazani."

"Nimewaona."

"Hakuna hata mmoja aliyeleta kitambaa." Akangoja kidogo. "Mke wangu anauliza, Mwatum amekula?"

Khatib alikanyaga cherehani. Haikuwa na uzi. Aliikanyaga hivyo hivyo, akapitisha kitambaa kitupu chini ya sindano tupu, mpaka Hakimuddin akarudi ndani.

&nbsp;

Shehe Mgeni alikuja siku ya tatu baada ya alasiri, ana mafua, leso imelowa mkononi. Hakuwa mtu wa kupenda mikutano. Siku mbili mlango wake ulikuwa ukigongwa, mara na wetu, mara na wao, na wote walimletea jawabu kabla hajawauliza swali. Alipoiona baraza ya Khatib imejaa watu hadi njiani, alisimama.

"Hawa wote ni jamaa wa mume?"

"Ni mashahidi, Shehe," mtu alijibu.

"Mashahidi wa ndoa ni wawili. Wa siasa ndio hawa." Akapiga chafya, akaketi.

Mzee Nyange alikuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameikunja, hamtazami mkwewe. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, walikaa Mwatum na Bi Mwanapili. Sanduku la Mwatum lilikuwa limefungwa. Alilifunga mwenyewe alfajiri, asifungiwe na watu.

"Khatib," Shehe alianza, "mtu akisoma maneno ya mwengine, au akiyasimulia, hajaacha mke. Hilo halina mzozo. Ungalisema Zumaridi, nisingalitoka kitandani. Lakini ulimtaja mkeo. Sasa nambie. Ukisema ulikuwa mchezoni na ulimi uliteleza, utaapa hapa, na mke ni wako. Ukisema ulimkusudia, basi ni ya tatu, na kila mtu njia yake."

Msahafu uliletwa ukawekwa juu ya marfaa. Wetu walimtazama Khatib kwa macho ya kumwambia asiwaaibishe. Mzee Nyange alikaza macho kwenye sakafu. Nyuma ya pazia Bi Mwanapili aliushika mkono wa mkwewe akaubana.

Lilikuwa jambo jepesi. Maneno matatu manne. Khatib alinyoosha mkono juu ya msahafu. Vidole vyake vya mshoni vilikuwa na alama za sindano, na kwenye kucha masizi hayajatoka. Mkono ulikaa hewani. Kisha akaurudisha pajani.

"Sijui, Shehe."

"Hujui nini?" Mzee Nyange aliruka. "Mtu mzima hajui kama kaacha mke au hakuacha?"

"Sijui, Baba." Khatib alimgeukia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba tangu kura. "Kificho alisema maneno ya mwaka jana. Nikawa niko mwaka jana. Niliona taa ya chumbani. Kwamba nilikuwa nasimulia ile ya zamani, au nilikuwa nasema mpya, sijui. Nikiapa kwa huku nitaapa uongo. Nikiapa kwa kule uongo pia."

Watu walinung'unika. Shehe Mgeni alipenga kamasi kwa muda mrefu. Alipoondoa leso alionekana kama mtu aliyepewa kitu asichokitarajia katika siku mbaya.

"Ndoa yako ni yakini," alisema. "Hii ni shaka. Yakini haiondolewi na shaka. Mke ni mkeo."

"Shehe wa wao huyo!" ilisikika njiani.

"Nyinyi ndio mliomnunua!" ilijibiwa.

"Sijamaliza!" Sauti ya mafua ilipasuka. "Mke naye ana masikio. Kama yeye ana yakini kwamba aliachwa, si halali kwake kubaki, hata mimi niseme nini. Binti Nyange, unanisikia?"

"Nakusikia, Shehe."

"Ulisikia nini siku ile?"

Mzee Nyange aliinama kwenye pazia. Sauti yake ililainika, ikawa ile aliyomwitia alipokuwa mdogo. "Sema, mwanangu. Sema kweli twende zetu. Huku watakumaliza. Mamako amekutandikia kitanda."

Mwatum alikuwa amechoka uchovu wa miaka. Alikitamani kitanda hicho. Vitongoji hakuna ambaye angelivuta buibui akimwona. Ingetosha kusema kwamba alipoitwa alisimama, kwamba aliijua sauti ile, na yangekwisha yote, kisima na kura na yai kiganjani. Lakini alikuwa akiutazama ule mkono wa Khatib kupitia upenyo wa pazia. Miaka hiyo alisikia wanaume wengi wakiapa. Waliapa chini ya bendera, waliapa kwenye vipaza sauti, waliapa kisimani. Wote walijua. Hakuwahi kumsikia hata mmoja akisema hajui.

"Niliitwa jina langu, nikasimama," alisema. "Lakini mtu huitwa hata ndotoni akaamka. Na miye sijui, Shehe."

Shehe Mgeni aliinuka, akatafuta viatu vyake.

"Basi kaeni na kutojua kwenu. Mungu anajua."

Mzee Nyange alikaa kidogo, kama aliyesahau namna ya kusimama. Aliposimama alizungumza na pazia.

"Vitongoji usije tena. Hata ukisikia nimekufa."

Akachukua baskeli yake, akaikokota bila kuipanda. Wetu nao walitawanyika, na yule aliyempiga Khatib begani alipita dukani moja kwa moja, akachukua kitambaa chake cha kanzu ambacho kilikuwa kimekwisha kukatwa.

&nbsp;

Magharibi Khatib aliingia ndani ya nyumba yake. Bi Mwanapili alisema anakwenda kumjulia hali jirani. Walimsikia akibisha hodi mara tatu, na walisikia mlango usifunguliwe, lakini hakurudi. Alikaa nje barazani peke yake, akawaachia nafasi.

Walikula muhogo kwa samaki mkavu. Sanduku lilikuwa bado limefungwa kando ya ukuta.

"Maji," alisema Khatib. Kisha, "Hebu… weye. Nipe maji."

Mwatum alimpa. Tangu aingie hakumtaja jina. Alilizunguka kama mtu anayezunguka shimo kwenye njia ya nyumbani kwake.

"Mwisho wake ulikuwaje?" aliuliza.

"Mwisho wa nini?"

"Wa mchezo. Ulinambia ningoje."

Khatib aliweka chini kikombe. "Anaung'oa ua. Anapiga magoti. Halafu anasema…" Nje Bi Mwanapili alikohoa. "Niliyajua yote kwa moyo. Sasa siyapati. Nimechoka."

"Na miye nimechoka."

"Yalikuwa maneno mazuri. Mwalimu Duni kayaandika vizuri."

"Yaache ya Mwalimu Duni. Niite."

Alimtazama kama hakusikia.

"Niite jina langu, Khatib. Mara ya mwisho umelitaja ukumbini, mbele ya watu wote. Silitaki lilale huko."

"Naliogopa."

"Hata miye."

Taa ilifuka moshi kidogo. Aliipunguza utambi, akakaa akaitazama mikono yake. Ilimchukua muda. Aliliita polepole, kwa sauti ya mtu anayejaribu sakafu kwa mguu mmoja.

"Mwatum."

Mwatum hakuitika hapo hapo. Aliinamisha kichwa, akangoja kusikia kitakachofuata jina. Akangoja. Hakikufuata kitu.

"Abee," aliitika, akavuta sanduku akaanza kulifungua.